Tairi Lililomzidi Namwan Umri

Ban Huai Takhrai,
Dan Sai, Loei.
Jumapili, 22 Mei 2022

Mpendwa mdogo wangu Lamduan,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mkono wako wa kulia umeacha kufa ganzi. Wifi yako Buakhiao ananiambia nikuulize kama ile dawa ya kuchua aliyokutumia ilifika, au iliishia kwa watu wa forodha wenye migongo inayouma. Na kikohozi cha Prasoet kimekwisha? Mwambie mumeo namsalimu sana, lakini barua hii usimsomee. Ndiyo maana sikupiga simu. Kila nikipiga namsikia akipumua pembeni yako, na mtu anayepumua namna ile anasikiliza.

Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza wiki tatu zilizopita, na machipukizi ya mianzi yametoka kwa wingi hata mke wangu anayapika asubuhi na jioni, nami nimeanza kutafuta sababu za kula kwa majirani. Shangazi Chanpheng magoti yanamsumbua ila mdomo hauna neno. Binti yako Namwan amerefuka. Sare ya mwaka jana ilimfika juu ya magoti, tukamshonea nyingine yenye pindo refu la kukunjuliwa mwakani. Anakula vizuri. Jioni hukaa na picha yako mezani akifanya hesabu, na akikosea huigeuza picha iangalie ukuta.

Anayekuletea barua hii ni Malaiwan, binti wa jirani yetu Thongsuk, ambaye anarudi kiwandani huko kwenu ng'ambo. Nimeibandika gundi mara mbili. Ukiikuta imefunguliwa, ni yeye.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana najua utalisikia kwa watu wengine, na watu wengine wataanzia katikati.

Unaijua pikapu aliyotuachia marehemu baba. Ndiyo hiyo hiyo ninayopelekea watoto shule. Mwaka huu ni kumi na watatu, wamekaa kwenye mabenchi mawili kule nyuma, na Namwan anakaa mwisho kabisa, karibu na mlango, kwa sababu anapenda upepo. Barabara unaijua pia. Ni kilomita sita za kuteremka, na ile kona ya mawe mekundu ambako upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili hakuna kitu. Mvua ikinyesha, lami pale inateleza kama sahani ya mafuta.

Mwezi wa nne, baada ya sikukuu ya kumwagiana maji, nilifungua gurudumu la nyuma nizibe pancha. Nikakuta rimu ina ufa, umetoka kwenye tundu la nati moja umeingia kwenye tundu la pili. Nikafungua jingine, limepinda. Matairi yenyewe yalikuwa vipara vitupu. Nikajua kwamba shule zikifunguliwa tarehe kumi na saba Mei, siwezi kumpandisha mtoto wa mtu yeyote juu ya kitu kile, sembuse mtoto uliyeniachia mimi.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta magurudumu manne, rimu na matairi yake. Ufundi sikusomea, lakini tairi naweza kulisoma. Kila kitu kimeandikwa ubavuni mwake: upana, kimo, uzito linaoweza kubeba, hata wiki lililotoka kiwandani. Watu hawasomi tu, kama wasivyosoma karatasi za benki kabla ya kutia sahihi.

Kwanza nilikwenda Loei mjini, kwenye yadi ya vipuri vilivyotumika. Muuzaji akanitolea rimu pana za kung'aa, zile za vijana wanaoshusha pikapu zao mpaka zinakwangua barabara.

"Hizi zitamrudishia mzee ujana," akasema.

"Mzee yupi, mimi au gari?"

"Wote wawili, baba. Bei ni moja."

Nikazipima. Matundu ya nati yalikuwa sita, sawa na yetu, lakini tundu la katikati lilikuwa kubwa kuliko habu ya gari letu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, yaani rimu ingekuwa inaning'inia kwenye nati peke yake. Nikamuuliza zimetoka kwenye gari gani. Akasema gari la mwalimu mmoja, mtu mpole. Nikamuuliza huyo mwalimu yuko wapi sasa. Akaanza kupanga spana zake kwa ukubwa. Nikaaga.

Ndipo akaja Wichian, kaka yake Prasoet, na duka lake la matairi pale njia panda. Alikuja mwenyewe, tarehe kumi, bila kuitwa. Wichian ambaye aliwahi kumtoza mtawa hela ya kujaza upepo.

"Shemeji, nasikia unahangaika mpaka Loei. Kwa nini uende mbali na mimi nipo? Ninayo seti nzima, rimu za chuma na matairi mapya, saizi yako hasa. Chukua kwa nusu bei. Ni kwa ajili ya Namwan, damu yangu mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye bei kamili. Nusu bei sikuwa nimejiandaa nayo, na tangu dakika ile sikumwamini.

Kesho yake akayaleta. Nitasema haki: rimu zilikuwa nzuri, nyeusi, za chuma, matundu yote yanakubali. Uzito wa kubeba ulikuwa sawa kwa watoto kumi na watatu na mikoba yao. Lakini matairi yaling'aa kama nywele za bwana harusi, na yalinukia dawa ya kung'arishia. Nikazunguka yote manne nikitafuta namba ya wiki na mwaka. Nikapapasa na kidole. Laini.

"Tarehe iko wapi, Wichian?"

"Iko upande wa ndani, shemeji."

Nikalala chini kwenye tope nikatazama upande wa ndani. Laini.

"Huku pia haipo."

"Kiwanda hiki kinaandika maandishi madogo."

"Nimevaa miwani."

"Basi ni madogo zaidi ya hapo."

Utaniuliza kwa nini sikumwambia pale pale ayapakie aondoke nayo. Ni kwa sababu yako wewe. Namwan hushinda Jumamosi nyumbani kwa bibi yake, mama mkwe wako. Nikimwita mtoto wa nyumba ile mwongo, tena bila ushahidi, maneno hayatanirudia mimi, yatakufuata wewe hadi kwenye meza ya chakula huko uliko. Kwa hiyo nikamwambia ayaache, nitayafunga Buakhiao akishamwomba ruhusa Bibi Mlinzi, roho wa gari. Unamjua wifi yako. Jeki haiingii chini ya gari lile kabla hajatundika shada jipya la maua kwenye kioo na kumweleza Bibi nini kinafanyika na kwa nini. Bibi huyo amenisaidia kuahirisha mambo mengi katika ndoa hii.

Tarehe kumi na mbili akaja Shangazi Chanpheng. Akayaona matairi yamepangwa chini ya nyumba, akasimama, akahesabu siku kwa vidole.

"Tairi jipya linaingia nyumbani siku tano kabla ya bahati nasibu, wewe unadhani limekuja bure?"

Ukoo mzima tunajua anavyofanya. Ameshapaka poda ya mtoto kwenye kila shina la mti lenye nundu, kwenye kichuguu cha nyuma ya shule, na mwaka juzi kwenye mgongo wa nyati aliyezaliwa na masikio matatu, akitafuta namba za kuchezea. Nikamwacha. Akamwaga maji kidogo ubavuni mwa tairi, akanyunyiza poda, akawa anasugua kwa kiganja taratibu, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa nakula.

"Khamsing. Njoo usome. Naona tatu, halafu naona moja nyingi."

Nikaenda na tonge langu mkononi. Chini ya ule weusi kulikuwa na makovu. Mtu alikuwa amezikwangua zile namba, akajaza rangi nzito juu, akalainisha, akang'arisha. Jicho halikuona kitu, kidole hakikuona kitu. Poda iliona. Tatu, moja, moja, moja. Wiki ya thelathini na moja, mwaka 2011.

Lamduan, tairi lile limemzidi mwanao umri kwa karibu miaka miwili. Nikachukua bisibisi nikakwangua ile dawa kati ya meno ya tairi, na chini yake mpira ulikuwa umepasuka nyufa nyembamba nyembamba kama kisigino cha mtu wa shambani. Mpira hukauka hata ukikaa tu. Unaweza kwenda nao sokoni na kurudi mara mia, halafu siku ya jua kali au ya mzigo ukafumuka wenyewe. Nikafikiria ni wapi ungechagua kufumukia.

Nikamweleza Shangazi maana ya namba ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Sawa," akasema. "Lakini itatoka?"

Mpaka jioni kijiji kizima kilikuwa na habari, ila kwa sababu isiyo yangu. Watu walipanga foleni chini ya nyumba yangu na vikopo vya poda. Mtu akaweka chupa ya soda nyekundu mbele ya tairi, na mrija ndani yake, kama sadaka ya mizimu. Thongsuk akachomeka ubani. Ningetaka kuyarudisha dukani, ningepigwa na majirani zangu mwenyewe.

Nikakaa nikafikiri. Huenda naye Wichian alidanganywa na aliyemuuzia. Mfanyabiashara naye hulishwa uongo. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu: yeye mwenyewe anatembelea nini?

Jumapili ya tarehe kumi na tano ilikuwa sikukuu ya Visakha, ya kumkumbuka Buddha. Hekaluni tulikwenda wote, na barakoa zetu, kwa ile barabara ya tambarare ambayo vipara vyangu viliweza kuimudu nikienda mwendo wa bata. Tulipomaliza kuwapa watawa chakula, nikatoka nje ya ukuta yanakoegeshwa magari. Pikapu ya Wichian ni aina moja na yetu, changa kidogo tu. Nikaangusha ufunguo wangu karibu na gurudumu lake la mbele, nikachukua muda mrefu kuupata. Sifuri, tano, mbili, mbili. Wiki ya tano ya mwaka huu. Ufunguo ukaangukia tena karibu na gurudumu la nyuma, kisha upande wa pili. Yote manne yalikuwa ya wiki moja, na namba zake safi, zinasomeka kutoka barabarani.

"Unaomba nini kwenye gurudumu la mwanangu?"

Alikuwa Mama Khampha, mama mkwe wako, na kikapu chake kitupu cha wali wa kunata.

"Nasoma namba, Mama."

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasogea. "Ya kesho?"

"Hii ni sifuri, tano, mbili, mbili."

"Na ile ya kwako wanayoipangia foleni? Usiwe mchoyo siku takatifu, mwanangu."

"Tatu, moja, moja, moja."

"Na zinatoka wapi namba hizi?"

"Kiwandani, Mama. Mbili za mbele ni wiki tairi lilipozaliwa, mbili za nyuma ni mwaka."

Katika shughuli hii yote, kazi iliyonichosha kuliko zote ni kunyamaza pale. Mama Khampha alikuwa anatembeza kidole gumba juu ya vidole vingine, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Namwan alizaliwa mwaka gani?"

"2013."

Akaweka kikapu chini.

"Wichian," akaita, wala hakupaza sauti. "Njoo hapa."

Wichian akaja anatabasamu, sahani ya matunda mkononi. Aliponiona nimechuchumaa karibu na gari lake, tabasamu likabaki pale pale lakini yeye akaondoka ndani yake.

"Haya unayonipandisha mimi ni ya mwaka huu," mama yake akasema. "Na uliyompelekea mtoto wa mdogo wako ni ya lini?"

"Mama, yale hayajawahi kugusa barabara. Yamekaa ghalani tu."

"Na mimi nimekaa tu nyumbani miaka ishirini. Nitazame magoti."

"Watu wanayatumia, Mama. Ukienda mwendo wa pole hayana shida."

"Watu gani? Wataje niende nikawaamkie kabla hawajafa. Na namba nani aliifuta?"

"Ilifutika."

"Ilifutika kwenye matairi manne, mahali pamoja, kwa urefu mmoja," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema.

"Shemeji, ungekuja kwangu kwanza, tungeyamaliza kimya kimya."

"Nilikuuliza kwanza. Ukanipa maandishi madogo."

Watu walikuwa wameanza kutoka hekaluni na kusimama kuchagua viatu vyao polepole, kama watu wanavyochagua viatu wakiwa na masikio. Mama Khampha akaketi juu ya kisiki.

"Yafungue haya, umpe."

"Haya ya gari langu? Sasa hivi? Mama, leo ni sikukuu."

"Ndiyo vizuri. Thawabu za leo ni nyingi."

Jeki zilipatikana tatu kwa mpigo. Sijawahi kuona kijiji hiki kikijitolea namna ile. Nilijaribu rimu ya kwanza kwenye habu yetu, ikakaa kimya kama kifuniko kwenye chungu chake, nikafunga nati zote kwa mkono wangu, moja hapa, inayofuata upande wa pili, na baada ya kilomita moja nikasimama nikazikaza tena. Nilitaka kumlipa Wichian ile nusu bei tuliyosikilizana. Mama Khampha akaufumba mkono wangu na hela zake ndani. Akapanda kiti cha mbele nikamrudisha kwake. Gari la mwanawe lilibaki limekalia magogo nje ya ukuta wa hekalu siku tatu, na mbwa wakapata kivuli.

Yale ya 2011 nimemrudishia Wichian, ila kwanza niliyapasua ubavu kwa msumeno, yote manne. Nilimwambia samahani, msumeno uliteleza.

Bahati nasibu haikutoa namba ya tairi lolote. Shangazi anasema kosa ni langu, nilimweleza maana yake na namba ikachukia.

Jumanne shule zikafunguliwa, na mvua ikaja asubuhi ile ile. Kwenye kona ya mawe mekundu maji yalikuwa yanakatiza barabara kwa unene wa kiganja. Nikateremka kwa gia ya pili, na nilisikia matairi yanayakata maji na kushika lami chini yake. Kule nyuma walikuwa wanabishana nani kakalia nafasi ya nani. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kulikuwa na kitu cha kuogopa, na nisingependa wajue.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Mtawa mkuu, ambaye ama hakuelewa kilichotokea nje ya ukuta wake au alielewa zaidi yetu sote, alitangaza Jumapili ile ile kwenye kipaza sauti cha kijiji kwamba bwana Wichian ametoa magurudumu ya gari lake kwa ajili ya watoto wa shule. Watu wakainua viganja kumpongeza. Nilimtazama usoni nikitafuta aibu. Nikamwona mtu anayepokea. Mpaka jioni alikuwa anawasimulia wateja dukani jinsi wazo lilivyomjia akiwa kwenye ibada.

Habari hiyo ndiyo itakayomfikia Prasoet. Iache ifike hivyo. Usimuulize mtu juu ya 2011. Mwambie Prasoet ampigie kaka yake simu saa za kazi, wakati duka limejaa, amshukuru kwa sauti kubwa. Na wewe mshukuru, umwite kaka.

Usidhani nimemsamehe. Simwamini hata kidogo, ndiyo maana nataka ashukuriwe. Alhamisi alikuja hapa asubuhi, hakuitwa, na kipimo cha upepo mfukoni, kwa sababu mtawa mkuu alimuuliza mbele ya watu watoto wake wa shule wanaendeleaje. Jana akaja tena, wazazi watatu wakimtazama. Akachuchumaa, akapima yote manne, akanigombeza kwamba la nyuma kulia limepungua upepo na kwamba mimi ni mtu mzima wa kujua mambo hayo. Na kweli lilikuwa limepungua. Nikamshukuru. Alipoondoka nikapima upya.

Akiendelea namna hii mpaka mvua ziishe, mwanao atateremka mlima juu ya matairi yanayokaguliwa na watu wawili wasioaminiana, na sijui kama kuna mtoto mwingine Loei nzima mwenye ulinzi wa aina hiyo.

Buakhiao anakusalimu, na Shangazi Chanpheng anauliza namba ya chumba chenu huko bwenini. Usimpe. Thongsuk na watu wa nyumbani kwake wanakusalimu. Msalimie Prasoet, na yule mwenzenu wa Udon aliyekupikia uji ulipougua. Namwan amekuandikia mwenyewe, karatasi yake imefichwa ndani ya kifurushi cha pilipili kavu tulichokutumia, ili Malaiwan asiione.

Mema yote mliyoyatenda yawalinde huko, mrudi na viungo vyote mlivyoondoka navyo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kwa dhati,

Khamsing